Cherehani Isiyomtii Mke wa Kapteni

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, 1975, asubuhi, nilikuwa nikidarizi jicho la kalooli, yule ndege mkubwa mwenye kipara anayesimama juu ya majalala ya Kampala kama karani aliyefutwa kazi. Nilikuwa nimemchora mwenyewe nyuma ya karatasi za mtihani, nikamhamishia kwenye kitambaa cheupe kwa kaboni, kisha nikaanza kumjaza manyoya kwa nyuzi za kijivu nilizozipata kwa taabu, maana maduka ya Old Kampala yalikuwa na rafu tupu tangu Wahindi wenye maduka hayo walipofukuzwa nchini. Sikudarizi ili niuze. Siku za kazi nilifundisha historia katika shule ya sekondari, nikipima kila neno kabla halijanitoka kinywani. Mbele ya cherehani sikupima neno lolote, na ndiyo sababu niliipenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho.

Kudarizi kwa cherehani kuna utaratibu wake. Chini ya sindano yapo meno madogo yanayosukuma kitambaa ili mshono uende. Mdarizi hayahitaji. Huinamisha cherehani, hulegeza skrubu moja iliyo chini yake, meno yakazama, kisha huondoa ule mguu unaokandamiza kitambaa. Tangu hapo kitambaa, kikiwa kimekazwa kwenye fremu ya mviringo, huenda pale tu mikono inapokipeleka. Anayetaka tena kushona pindo la kawaida hana budi kuikaza skrubu, meno yapande.

Mke wa kapteni, aliyekaa ghorofa ya juu katika nyumba niliyokaa mimi, alikuwa mwanafunzi wangu wa Jumamosi kwa karibu mwaka mzima. Hakuna aliyethubutu kumkatalia. Kila mara alikuja nikiwa nimekwisha kutayarisha kila kitu, akashika fremu, akazungusha maua mawili matatu, akaenda kuwaonyesha wake wa maofisa kuwa ni kazi yake tangu mwanzo. Siku hiyo aliingia na askari wawili.

"Mwalimu, bado unashona ile ndege ya takataka?" alisema akicheka. "Shona maua, labda utapata bwana."

"Bwana atapatikana tu, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Mashine hii ulinunua kwa nani?"

Alijua. Niliinunua kwa mshahara wangu kutoka kwa Mhindi aliyekuwa na duka chini yetu, mwaka ule aliofukuzwa. Nilikuwa nimemsimulia mwenyewe, tukinywa chai yangu.

"Basi ni kitu ya Muhindi," alisema askari mmoja. "Na kitu ya Muhindi ni ya serikali."

"Afande, risiti ninayo."

"Risiti ya nani? Mwenye kuandika iko wapi? Muite basi!"

Wakacheka wote watatu. Askari wa pili aliivuta fremu kabla sijakata uzi. Sindano ikavunjika na kitambaa kikapasuka palepale kwenye jicho. Wakaipandisha cherehani yangu ngazini. Enzi zile watu walitiwa kwenye buti la gari, wasionekane tena, kwa makosa madogo kuliko kumjibu mke wa kapteni. Lakini kunyamaza kwangu kusidhaniwe kuwa kusamehe.

Baada ya siku chache nilianza kuisikia kupitia dari: pedali ikikanyagwa kidogo, ikisimama, halafu tusi. Nilitabasamu peke yangu jikoni. Bila shaka alikuwa ameurudisha ule mguu wa kukandamiza kama alivyoona kwa mafundi nguo, lakini meno yalikuwa bado chini, kama nilivyoyaacha. Hakujua kwamba yapo.

Jumamosi iliyofuata alishuka na kipande cha kitambaa cha kijani kilichokunjamana, nyuzi zimerundikana upande wa chini kama kiota. Alikuwa amekabidhiwa jora zima la mapazia ya mesi, bwalo la maofisa, na alikuwa amemwahidi mke wa kamanda kwamba atayashona yote mwenyewe.

"Mwalimu, mashine yako iko na shetani. Inakula kitambaa, haitembei!"

"Pole sana, mama."

"Ulifanya nini?"

"Mimi? Si mliichukua ikiwa inashona? Mliiona wenyewe."

"Na mimi nilishona hapa mwaka mzima! Ilitembea!"

"Ilitembea," nilikubali.

"Panda uitazame. Haraka."

Nilipanda. Ilikuwa dirishani kwake, ina vumbi. Nikatia mafuta, nikabadilisha sindano, nikaiinamisha. Skrubu ilikuwa palepale, kidole changu kikaigusa. Nikiikaza, itashona mapazia yake, kisha mashuka yake, kisha magauni yake, nami nitaisikia ikimtumikia juu ya kichwa changu kila siku. Nisipoikaza, itapelekwa kwa watu wasioijua, na haitarudi nzima. Nikaondoa kidole.

"Mimi ni mwalimu wa historia, mama. Si fundi."

"Basi wanaume watatengeneza!"

Wanaume wenyewe walikuwa makanika wa malori ya jeshi. Waliifungua palepale juu ya dari yangu kwa spana, na spana iliposhindwa walitumia nyundo. Ilirudishwa kwangu ndani ya gunia, vipande vitupu. Mapazia akayashona kwa mkono, yakaning'inia mshazari kama nguo za mlevi, na mke wa kamanda akayacheka mbele ya wageni. Kicheko hicho kilishuka ngazi mpaka kwangu. Husemwa kwamba kisasi hakimfai mtu. Mimi kilinifaa: nililala vizuri.

Ila kilikuwa kisasi nusu, kwa kuwa yeye hakukijua. Shule zilipofungwa nilipanda basi hadi Nairobi, kwa baba yangu mdogo, nikiwa nimeazimia kutorudi. Sikuacha Kampala jamaa yeyote wa kulipiziwa kisasi. Kabla ya kutafuta kazi nilitafuta stempu, nikamwandikia:

"Nairobi, Agosti 1975

Kwa mke wa kapteni,

Baada ya salamu. Cherehani yangu haikuwa na shetani, wala haikuharibika. Chini yake palikuwa na skrubu moja ambayo hata mtoto angeikaza kwa vidole, na mapazia yako yangekwisha bila taabu. Siku uliyonipandisha kwako, kidole changu kilikuwa juu ya skrubu hiyo, nawe umesimama nyuma yangu ukinihimiza. Mwaka mzima uliketi mbele ya cherehani hiyo ukijiita mdarizi, na hukuwahi kuuliza kuna nini chini yake.

Makanika wenu hawakuvunja kitu kibovu. Walivunja kitu kizima, kwa amri yako, mimi nikiwasikiliza. Nilikuwa radhi zaidi kuipoteza kuliko kukuachia wewe. Nataka uyakumbuke hayo kila ukiingia mesi na kuketi kando ya mapazia yale.

Sikuombi msamaha, na wa kwako siutaki.

Mwalimu wa ghorofa ya chini."