Siku Mama Aliporudi Majini

Mwezi uliopita nilirudi Kabuta. Kando ya barabara, pale baiskeli za samaki zinapopumzika, mwanamuke mumoja alikuwa anauza masuku, matunda yetu ya porini. Nilisikia harufu ile tamu, nikasimama. Rafiki yangu, nilimukumbuka mama.

Nikiwa mutoto tulivuka ziwa Mweru kuja Kabuta, tukikimbia vita vya Congo. Mutumbwi ulipinduka. Mama alinishikilia mpaka wavuvi wakatuokota, lakini baba hakuonekana tena. Tangu hapo mama aliuza chisense, dagaa wa ziwa letu, karibu kabisa na ufuko, ila hakukanyaga maji tena. Ya kupikia tulichotewa na jirani. Mimi nilikatazwa hata kulowesha miguu. "Maji haina rafiki," alisema.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa Mubemba mwenye Kiswahili cha sokoni. Kila mwaka masuku yakiiva, aliwachukua watoto Jumamosi kufuata kijito porini hadi kwenye muto mukubwa, kulala kwa dada yake, kisha kurudi Jumapili. Mama alikataa nisiende. Nililia, nikakataa hata kula. Mwishowe akafunga kitenge chake.

"Basi twende wote. Siwezi kukuacha weye na maji peke yenu."

Tulitoka asubuhi na bukari baridi, ugali wetu, na chisense ya kukaanga. Watoto walitembea ndani ya kijito, wakiteleza kwenye mawe na kucheka. Mimi na mama tulipita nchi kavu, majani yakitukata miguu, mpaka musitu ulipofunga njia.

"Bamayo," mwalimu alimuita, yaani mama, kwa heshima ya Kibemba, "hapa njia ni maji tu."

"Basi siye tunarudia hapa."

"Inafika kwenye magoti, bamayo. Mi nitatangulia na fimbo."

Mama alikaa juu ya jiwe. Hakuna aliyemuharakisha. Mwalimu aliangalia pembeni, kama mutu anayemungojea mwenzake amalize kusali. Kisha mama akavua sandali, akanishika mukono kwa nguvu hadi vidole vikaniuma, akaingia. Kila hatua alitaja jina la baba, kwa sauti ndogo.

Mchana tulifika kwenye muto. Palikuwa na shimo pana la maji, meusi kwa kina chake. Mwalimu alizunguka akitafuta dalili za mamba, hakuona kitu. Watoto wakaruka. Mama alisimama maji kiunoni, muda murefu, halafu akajitupa mbele.

Nilipiga kelele. Lakini mama alikuwa anaogelea! Sikujua kama anaweza. Alifika katikati, akageuka, na hapo akalia, kilio kikubwa ambacho hakukitoa hata kwenye matanga ya baba. Mwalimu aliwainulia watoto mukono. Wakaanza wimbo wa kanisa wa Kibemba, polepole, na hawakunyamaza mpaka mama alipomaliza kulia.

"Kuya," aliniita niingie majini, macho mekundu. "Baba yako ndiye alinifundisha, mbele ya kukuzaa. Sasa nitakufundisha weye."

Alirudi kando, penye maji ya kiuno, akaweka kiganja chini ya tumbo langu.

"Utaniachilia?"

"Nitakuachilia. Lakini niko hapa."

Jioni ile niliogelea mwenyewe, urefu wa mutumbwi mumoja. Kwa dada ya mwalimu tulikula sombe, majani ya muhogo yenye karanga, na mama alilala kabla yangu, usingizi muzito. Sikuwahi kumuona akilala hivyo.

Sasa mama hayupo, na mwalimu pia hayupo. Wale watoto wametawanyika, wengine Lusaka, wengine Lubumbashi. Safari hii nilifuata tena kijito. Miti imekuwa makaa, mihogo imepandwa mpaka ukingoni, na mvua zimesukuma udongo wote mutoni. Lile shimo limejaa muchanga. Vijana wawili walikuwa wanaosha baiskeli palepale katikati, maji hayafiki kwenye magoti.

"Hapa palikuwa na kina," niliwaambia. "Mama yangu aliogelea hapa."

"Hapa, bamayo?" mumoja aliuliza. Wakaangaliana, wakatabasamu kwa adabu, kama mutu anavyomutabasamia mugeni aliyepotea njia, kisha wakaendelea kuosha.