Kambale Waliokula Kule Nyamitanga

Nilitoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwenda mjini Mbarara kwa sababu bwawa letu lilikuwa na maji lakini halikuwa na samaki. Mama mdogo Nabintu, anayenilea, alilichimba na akina mama wenzake kwa majembe, wakatia samadi ya ng'ombe mpaka maji yakawa ya kijani. Shamba waliliazima kwa Mzee Bisimwa, jirani yetu. Yeye aliwaambia wazi: mvua zikianza kabla hajaona samaki humo, atalifukia bwawa na kupanda maharage. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

Walinichagua mimi kwa kuwa ninajua kusoma. Sikupenda. Mbele ya watu sauti yangu hupotea, na hata hilo sikuweza kuwaambia.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda pikapu ya Deo, anayepeleka mahindi Mbarara. Nilibeba jerikeni mbili, moja tumeikata mdomo uwe mpana. Vumbi lilitufuata mpaka Kabingo. Kuanzia hapo migomba inashuka kutoka juu ya vilima hadi kando ya barabara, na hewa inakuwa baridi kidogo.

Mchana nilifika Ruti, pembeni mwa Mbarara. Muuzaji wa vifaranga vya samaki ni askari mstaafu, wateja wanamwita Afande. Ana matangi ya saruji yaliyofunikwa kwa nyavu ili ndege wasiibe. Aliniuliza maji ya bwawa letu yanatoka wapi, nikajibu nikitazama chini.

"Wewe unaongea na mimi ama na kiatu yako?" akacheka. Kisha akawa mkali. "Sikiza. Hii samaki tangu jana haijakula. Usipatie chakula mpaka ifike kwa bwawa. Ikikula, itachafua maji, itakufa. Na maji ya bomba hapana, iko na dawa. Umesikia?"

"Ndiyo, Afande."

"Sema tena."

Nikayasema tena yote, polepole. Ndipo akachota vifaranga vya kambale, virefu kama kidole, vyeusi, masharubu yakicheza. Alitaka nisafiri asubuhi kabla ya jua kali, na Deo pia alikuwa anarudi asubuhi.

Jioni nilikwenda Nyamitanga, mtaa ulio kando ya mto Rwizi, kwa Mama Sifa. Yeye na mama mdogo walitoka kijiji kimoja kule Kivu ya Kusini. Sasa anashona nguo. Alinipa fufu ya muhogo na sombe ya majani yake, akaniwekea kitanda cha binti yake. Aliposikia vifaranga havijala tangu jana alishika kifua.

"Siku mbili? Na mama yako mudogo anajua?"

"Afande alisema..."

"Afande ni wa kambi. Hapa ni kwangu. Mugeni hawezi kulala njaa mu nyumba yangu, hata akiwa na mukia!"

Watoto wake wakacheka, nami nikacheka. Akamega tonge la fufu, akalivunjavunja ndani ya jerikeni. Vifaranga vikalirukia.

"Unaona? Banakula kama bantu!"

Maneno ya Afande yalikuwa mdomoni mwangu, kamili. Lakini kwetu, mtu aliyekupa chakula na kitanda humzuii mkono wake. Nikamaliza sombe.

Kulipopambazuka maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea muhogo, yananuka. Karibu nusu ya vifaranga vilielea tumbo juu. Vilivyobaki viliyumba kama walevi. Mama Sifa alinyakua ndoo akimbilie bombani.

"Hapana, mama," nikasema. "Maji ya bomba yana dawa. Nakwenda mtoni."

Nilishuka Rwizi, nikajaza jerikeni ya pili, nikarudi kubadilisha maji na kutoa waliokufa, kisha nikaijaza tena kwa ajili ya safari. Mama Sifa alikaa kwenye kizingiti.

"Ni mimi nimebaua," alisema.

"Niliona, nikanyamaza," nikamjibu.

Tulipofika Kabingo jua lilikuwa limepanda, na maji yalikuwa yameanza kupata joto. Niligonga paa la pikapu kwa ngumi.

"Deo, simama!"

"Unataka kutapika?"

"Hapana. Samaki wanataka maji."

Abiria wakaangua kicheko. "Leo samaki bako na konda wao!" mmoja akasema. Deo alisimama. Nilimimina nusu ya maji ya zamani kandoni, nikaongeza yale ya Rwizi, na hakuna aliyenung'unika; mwanamke mmoja hata alinishikia jerikeni.

Saa tano tulifika bwawani. Akina mama walikuwa wakingoja, na Mzee Bisimwa pia, jembe begani. Mama mdogo alitaka kumwaga vifaranga mara moja.

"Ngoja, mama mdogo. Jerikeni ikae kwanza ndani ya bwawa, maji yalingane joto."

Alinitazama kama mgeni. Kisha akachungulia ndani. "Wengine bako wapi?"

Nikaeleza yote, bila kuficha kosa la Mama Sifa wala langu mwenyewe. Mzee Bisimwa akaguna.

"Bwawa kubwa hivi, kwa samaki kidogo hivi? Afazali maharage yangu."

"Mzee, ulisema uone samaki," nikamwambia. "Hukusema wangapi."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee alisimama mpaka vifaranga vilipotoka kimoja kimoja na kupotea kwenye maji ya kijani. Akageuza jembe, akaenda.

Nilijifunza kuwa samaki anayesafiri anapaswa kufunga, na kwamba kazi ya kumbeba ni pamoja na kumsemea. Kambale wale walikua kwa pumba na mchwa. Tulipowavua, mkubwa kuliko wote nilimkausha kwa moshi, nikampelekea Mama Sifa siku nilipofuata vifaranga vingine.

Alimpokea kwa mikono miwili. Kisha akaitazama jerikeni yangu, akatazama sufuria yake ya fufu.

"Leo hawatakula, mama," nikasema.

"Basi kula wewe," akasema, na kunijazia sahani mara mbili.