Anakula kwa Nani?

Wali wa nazi uliopaliwa makaa juu ya mfuniko una harufu yake, na harufu hiyo ikinifikia puani tu, damu inanichemka. Wenzangu wanalamba midomo, mimi natafuta mtu wa kugombana naye. Juzi juzi hapa, kwenye karamu ya jirani yangu, kijana mmoja mnene kiasi chake alikula matonge matatu, akanawa. Weee! Shangazi zake wakamvamia. “Mbona hujala? Mkeo atasemaje? Au umeshiba kwingine?” Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikawaambia wamwache, na niliwaambia kwa maneno ambayo bibi wa umri wangu hayasemi mbele ya watu. Wakaninyamazia kwa heshima ya mvi. Wao sikuwaeleza sababu, ila ninyi nitawaeleza.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapo Kariakoo, miaka ya hamsini, kwenye baraza ya nyumba tuliyopanga Mtaa wa Sikukuu. Fundi Shomari. Alikaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka jua linazama, vinavyofanya kazi ni mikono na nyayo tu, tumbo limetulia mapajani. Tumbo lile lilikuwa fahari ya nyumba yetu. Watu walipita wakamsalimia, wakalitazama, kisha wakasema, “Fundi kaoa!” Mama yuko ukumbini anasikia. Siku hiyo lazima kitoweo kiongezeke.

Na mama alijua kupika, hilo sitamnyima. Asubuhi vitumbua na chai tamu ya kubandika midomo. Saa nne mihogo ya nazi. Mchana wali, na jioni wali uliobaki ukikaangwa kwa samli, ili baba asilale na njaa, kana kwamba njaa imewahi kupita karibu na nyumba ile. Mama hakujua kumwambia mtu kwamba anampenda. Nani alisema maneno hayo enzi zile? Yeye alijua kusema “ongeza.”

Nilikuwa na miaka tisa nilipoona sisimizi msalani. Wamejipanga mstari mzima, wanakimbilia pale baba alipotoka kukojoa. Nikaona ni mchezo, nikawamwagia maji, kesho yake wakarudi. Baba naye akawa anamaliza maji ya mtungi peke yake, na mchana anasinzia juu ya kitambaa cha watu. Siku moja akavaa koti, akaenda kwa daktari wa Kihindi kule Uhindini. Alirudi, akaketi kwenye cherehani yake, akashona kanzu nzima bila kusema na mtu.

Jioni ile ile alisema, kwa sauti ya mtu anayeazima kitu, “Mama Tatu, hiyo nazi ungeipunguza kidogo.” Tatu ndiye mimi. Mama akabaki na mwiko hewani. “Imekuwaje? Miaka yote hii nazi yangu hujaiona, leo ndiyo unaiona?” Baba akacheka cheko la kukwepa. “Basi, mama, natania.” Mazungumzo yakaishia hapo. Na hasira yangu kwa baba inaanzia hapo hapo. Mwanamume aliyekuwa akiwaambia mabwana wakubwa usoni kwamba bega lao moja limeshuka, alishindwa kumwambia mkewe neno moja dogo, “naumwa.”

Akaamua kujitibu kimya kimya. Chai akaanza kunywa kavu, anasema sukari inamkereketa koo. Wali anakula nusu, anasukuma sinia. Na kila alfajiri, akitoka msikitini, harudi nyumbani, anakwenda kutembea. “Nanyoosha miguu,” alisema. Jamani, siku zile mtu mzima hakuwa na ruhusa ya kutembea bila safari. Waliotembea hivyo ni Wazungu, nao angalau walikuwa na mbwa. Mtaa mzima ukaanza kujiuliza Fundi anakwenda wapi, kwa nani, na amebeba nini.

Kweli akapungua. Shingo ikaonekana, shingo ambayo mimi sikuwahi kujua kama anayo. Usingizi wa mchana ukamwacha. Nami mtoto niliona baba anapendeza, lakini mtaa haukuona hivyo. Mtu kukonda, siku zile, ama ana kifua kikuu, ama karogwa, ama mkewe hamlishi. Mama akawa anaulizwa kila mahali, “Umemfanyaje mumeo?” Na mbaya zaidi, siku moja anafua suruali ya baba, akakuta kiuno kimebanwa kwa mishono mipya. Baba alijipunguzia mwenyewe kwa siri. Mama aliigeuzageuza suruali ile mpaka maji yakapoa. Mwanamume anayejishonea kiuno, anamshonea nani?

Jibu alipewa bombani, na Mama Chausiku. Huyu alikuwa mpangaji mwenzetu wa chumba cha pili, mwanamke ambaye ndoo yake ilijaa mara moja na mdomo haukujaa kamwe. Nilikuwa nimeshika ndoo yetu, nikasikia. “Mwenzangu, mwanamume hakondi bure. Haachi wali wa nyumbani akafa na njaa. Anakula kwingine huyo. Wewe uliza tu, anakula kwa nani?” Mama akasema, “Shomari? Thubutu!” Lakini aliponitwisha ndoo, maji yakanimwagikia mgongoni.

Kesho yake, adhana ya alfajiri ikiwa haijaisha masikioni, mama akaniamsha. “Mfuate baba yako. Uone anapoingia. Asikuone.” Sikuona ubaya. Nilijiona mkubwa.

Nilimfuata Mtaa wa Msimbazi, tukakata mtaa wa Gerezani, tukapita kwenye reli. Alitembea upesi, kanzu kaishika juu kidogo, jasho linamchuruzika kisogoni, na pumzi yake niliisikia nikiwa mbali. Alifika Kivukoni, pale wanaponadia samaki. Hakununua hata dagaa. Akagusa nguzo, akageuka, akaanza kurudi, nami nikajificha nyuma ya matenga. Nguzo! Mtu katoka Kariakoo kuja kugusa nguzo. Nilitaka kucheka.

Kucheka kuliniisha tuliporudi Gerezani. Baba alipiga hodi kwenye nyumba moja ya wafanyakazi wa reli, akaingia. Nikachungulia uani. Kaketi kwenye kigoda, na mwanamke anamwekea sahani mbele yake.

Mwanamke mwenyewe nilikuja kumjua vizuri baadaye. Bi Anyesi, Mkristo wa Masasi, mjane wa mtu wa reli, mpishi wa chakula cha wagonjwa katika hospitali moja ya mjini; yule daktari wa Uhindini ndiye aliyemwelekeza baba kwake. Mtu mzima mwenye kilemba na miguu iliyovimba kwa kusimama. Lakini asubuhi ile mimi niliona mwanamke tu. Sahanini palikuwa na mchicha uliochemshwa kwa chumvi, kunde kidogo, na kipande cha samaki wa kuchoma. Baba alikula amekunja uso kama mtoto anayemeza kwinini. Alimaliza, akafuta sahani kwa kidole.

Akaniona. “Tatu! Njoo.” Nikaenda, miguu mizito. “Shikamoo,” nikamwamkia mama yule, akaitikia marahaba na kunisogezea kigoda. Kisha akamgeukia baba. “Fundi, mwambie mkeo. Daktari hakukwambia ufiche. Nitakuja mwenyewe nimwelekeze, si kazi hata ya nusu saa.” Baba akatikisa kichwa. “Humjui. Atasema nimeukataa mkono wake.” Akaniinamia, akaniambia polepole, “Usimwambie mama. Nitamwambia mwenyewe. Sawa?” Nikasema sawa.

Nilikaa na siri ile mpaka mchana. Mama alikuwa anakuna nazi juu ya mbuzi, hakunitazama hata usoni. “Kaingia wapi?” Nikajifanya naokota vifuu. “Tatu, mimi nani wako?” Basi nikaona yule pale Gerezani, na sahani yake, na kigoda chake, na mama yangu hapa anakuna nazi ya mtu asiyeitaka. Wivu wa mama ukaniingia mimi. Nikasema, “Anakula kwa mwanamke. Gerezani.”

Mama hakuniuliza anakula nini. Na mimi sikusema.

Hakungoja hata wali uive. Alijifunga kanga kiunoni, Mama Chausiku akajifunga ya kwake bila kuitwa, na mimi nikaburutwa kuonyesha njia. Baba akatuona tukipita barazani, akajua, akatufuata mbio na tepu bado iko shingoni. Mama alianza kupiga kelele kabla hajafika mlangoni. Majirani wa reli wote wakatoka. Bi Anyesi alikuwa uani anaosha vyombo, na bakuli la mchicha wake wa mchana liko pale wazi. Hakujibu hata tusi moja. Alisema tu, “Mama, mumeo anaumwa.” Mama akapaza sauti, “Mnasikia? Anamwombea mume wangu maradhi!” Na baba, hapo hapo, mbele ya watu wote wale, alipoweza kusema neno moja akaokoka, alisema, “Mama Tatu, twende nyumbani, watu wanatutazama.” Watu! Alihofia watu!

Jioni aliniita kwenye cherehani. Hakunipiga. “Ulimwambia mama ulichokiona?” Nikasema ndiyo. “Chote?” Nikasema chote. Akanitazama sana, kisha akaniambia nimwokotee sindano iliyoanguka.

Baada ya siku tatu mama alipika chakula cha kupatana. Wali wa nazi, kuku wa kupaka, kachumbari, na juu ya wali samli inang'aa. Sinia likapelekwa barazani, mbele ya wanaume wenzake, na mlango ukaachwa wazi makusudi. Mimi nilibeba maji ya kunawa. Baba alitazama sinia, akatazama mlangoni, akasema bismillahi, akala. Alikula mpaka ukoko. Wanaume wakapiga makofi, “Fundi karudi!” Ndani mama alikuwa analia kwa furaha, na Mama Chausiku anapiga vigelegele.

Tangu siku hiyo akala kila alichowekewa. Kutembea aliacha, maana kila akigeuza uso upande wa Msimbazi kuna aliyemwuliza, “Gerezani hiyo, Fundi?” Wakacheka. Kwao ilikuwa utani tu, Mungu awasamehe, mimi bado. Baada ya miezi michache akanipa wembe, akaniambia nifumue mishono ya kiuno cha suruali zake. Nilifumua vizuri, nikasifiwa.

Kilichofuata kilichukua muda mrefu, ila mtaniwia radhi, sitakaa nacho. Kidonda cha kidole cha mguu, kilichotokana na kujikwaa tu, kikakataa kupona. Macho yakafifia, nikawa mimi namtungia uzi sindanoni. Ndipo neno sukari likasemwa nyumbani kwetu kwa sauti, likasemwa na daktari mwingine, hospitalini, wakati mguu umeshakuwa mweusi. Wakaukata. Hakurudi kwenye cherehani tena. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio kilikuja, mimi nina miaka kumi na miwili. Matangani wanawake walimshika mama mikono wakamwambia, “Usijilaumu, mwenzetu, ulimtunza. Kafa kashiba.” Mama akaitika kwa kichwa. Nami niliyekuwa najua nikakaa kwenye mkeka nimenyamaza.

Nilinyamaza miaka mingi, jamani. Nimeolewa, nimezaa, nimenyamaza. Niliamini kwamba neno moja nililolimeza ndilo lililomuua baba. Hatimaye mama alipokuwa mzee, tumekaa wawili tunachambua mchele, nikashindwa. Nikamwambia, “Mama, kule Gerezani, unajua baba alikuwa anakula nini? Mchicha. Mchicha wa kuchemsha, wa dawa. Sikukwambia.”

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. “Niliuona,” akasema.

“Uliuona?”

“Siku ile, uani kwake. Niliuona mchicha, hauna hata nazi. Nikasema moyoni, mwanamke hana hata cha kumpikia, anampa majani. Na mume wangu anaacha kuku wangu, anakwenda kula majani. Basi hapo, Tatu, nikajua pana mapenzi. Ndiyo maana nilipiga kelele vile.”

Nilitaka kumfokea. Hasira ya maisha yangu yote ilikuwa mdomoni. Lakini akaniuliza, taratibu, “Alikuwa akiumaliza?”

“Akiumaliza, mama. Anakunja uso, lakini anamaliza. Anafuta sahani.”

Akavuta kanga akajifunika uso. Nikamsikia kutoka ndani ya kanga. “Kumbe alikuwa anataka kuishi. Angesema. Ningemchemshia.”

Sikumfokea. Ila hasira haikwisha, na sasa nimezeeka nayo, na kila penye karamu inanisimamisha. Sisi tulifundishwa kwamba mwanamume asiyekula nyumbani anaondoka. Mtaa ulijua hivyo, mama alijua hivyo, na mimi mtoto wa miaka tisa nilijua hivyo, nikatumwa nikathibitishe. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba baba, kwa ule mwendo wake wa alfajiri na ile sahani ya kukunjia uso, alikuwa anahangaika abaki na sisi.