Pango Nililomwangalizia Yumma

Ipo siku moja ya ujana wangu haijanitoka kichwani, mwanangu, na juzi umeniamshia tena bila ya kujua. Umerudi kutoka Ulaya na wenzako, mmepanda milima, mmeingia mapango, mmevuka maziwa kwa mashua. Nikakuuliza huko kukoje. Ukanijibu, "Kuzuri, bibi," ukanitia simu mkononi nitazame picha. Sikukukaripia mbele ya wageni. Nakukaripia sasa, kwa mkono wangu mwenyewe. Sikwenda skuli, nilisoma chuoni tu, chuo cha Kurani, kwa hivyo usinitafutie makosa ya herufi. Yafuate maneno.

Sisi tulitoka Unguja baada ya mapinduzi, mimi bado mdogo, tukaja Jeddah kwa nia ya kuhiji, na kurudi hatukurudi. Baba yangu alipata vyumba mtaa wa Bani Malik. Tuliishi Waswahili kwa Waswahili, na Kiarabu changu kilikuwa cha sokoni na cha kusalia, basi. Zile pesa za mafuta zilipoanza kumwagika, kafili wetu, yule Mwarabu aliyetudhamini, akamwambia baba kuna tajiri mmoja Riyadh anatafuta msichana mwenye adabu wa kumtunza mama yake. Nikaenda.

Riyadh ya siku hizo usidhani ndiyo hii. Huko Al-Malqa mnakokwenda kula na rafiki zenu kulikuwa mchanga mtupu. Mjini, ukilala mtaa una ukuta wa udongo, ukiamka una shimo, na ukigeuka tena una nguzo za saruji. Tajiri wetu, tuliyemwita Baba, alikuwa muuza saruji, kwa hivyo hebu fikiri mwenyewe pesa zilivyokuwa zikimjia.

Mama yake nilimwita Yumma, kama walivyomwita wanawe. Alizaliwa hemani, akakulia nyuma ya ngamia, akazeekea kwenye nyumba ya marumaru asiyoipenda kwa sababu ilikuwa ikiteleza. Ulimi wake ulikuwa mkali. Mkinisema mimi mkali, mjue nilifundishwa na fundi. Kiarabu cha Riyadh alinifundisha yeye, jikoni, mimi nikikoroga na yeye akinitukana. Ndiyo maana mpaka leo najua kila neno la sufuria na nyama na samli, lakini ukinitaka nizungumze mambo ya serikali nakaa kimya.

Macho ya Yumma yalikuwa yakizama. Giza lilianzia pembeni likaja kati, mpaka akawa anaona kama mtu anayechungulia tundu la kitasa. Baba akaamua kumpeleka Austria kwa daktari wa macho, na kwa kuwa ilikuwa msimu wa joto na kila mwenye pesa alikuwa akikimbilia Ulaya, akamchukua na mkewe na watoto, na mimi nikafuata kumshika Yumma mkono.

Daktari alimpima, akamwita Baba pembeni. Baba alipotoka, rangi ilikuwa imemtoka. Akanivuta kwenye ukumbi.

"Halas," akaniambia. "Mafi dawa, hakuna dawa kabisa. Mwaka hauishi, hatoona hata mwanga wa dirisha. Sisi tumemwambia ni uchovu tu, anataka hewa ya mlimani. Na wewe, Zuwena, likikuponyoka hili, utarudi Jeddah kwa baba yako."

Sasa elewa nilivyokuwa. Nyumbani walikuwa wananitegemea mimi. Na Yumma alikuwa akinitegemea mimi. Nikafunga mdomo.

Kesho yake Baba akasema tunakwenda kuona pango, pango maarufu, watu wanatoka kila nchi. Madam, yaani mke wa Baba, akasema Yumma abaki hotelini na mimi, kuna ngazi nyingi. Yumma alikuwa keshavaa abaya yake. "Yalla," akasema, akatangulia mlangoni na kujigonga kwenye meza.

Pango lenyewe lilikuwa ndani ya mlima wenye misitu myeusi, na mdomo wake ukitoa baridi kama umefungua friji. Na hapo nikafanya kioja. Kwetu Unguja pango si mahali pa kutembea. Pango lina wenyewe wasioonekana. Watu hupeleka ubani na vitambaa, na mtu haingii hivi hivi. Basi nikavua viatu, nikasimama pale mlangoni, nikapiga hodi kwa adabu zote. Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Kijana Mzungu aliyekuwa akitutembeza akadhani nimeumia mguu, akainama kuuangalia.

"Unambishia nani?" Yumma akaniuliza.

"Wenyewe wa pango, Yumma."

"Wenyewe wako pale dirishani wanauza tikiti. Vaa viatu, utakufa kwa baridi."

Nikavaa. Lakini hofu haikuvulika. Tukashuka ngazi za chuma, mimi nimemshika Yumma, macho yangu kwenye vidole vyangu vya miguu. Nilijiambia sitotazama juu mpaka nitoke. Nikasikia watu wanashusha pumzi, wanasema maneno kwa lugha zao, na sauti zinakwenda mbali zinarudi. Mimi chini tu.

"Kuna nini?" akauliza Yumma.

"Mawe, Yumma."

"Mawe gani?"

"Makubwa."

"Makubwa kama nini?"

"Makubwa sana."

Akasimama pale pale katikati ya ngazi, na foleni nzima ya Wazungu nyuma yetu ikasimama.

"Nimetoka Riyadh kwa ndege," akasema, "nimepanda mlima na magoti haya, unaniambia mawe makubwa? Mawe ninayo nyumbani! Macho ulipewa ya kutazamia, hukupewa yawe vifungo vya kufungia uso. Nambie kitu au nyamaza."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni, na bado sikutazama juu.

Tukafika kwenye uwanda mpana. Yule kijana akatukusanya, akasema maneno, Baba akatufasiria: anataka kuzima taa ili tulijue giza la mlima lilivyo. Taa zikazimika.

Mwanangu, wewe umelala vyumba vya giza, umekatikiwa na umeme, unadhani unalijua giza. Hulijui. Nilipeleka kiganja changu mpaka kikagusa pua na sikukiona. Sikujua nimefumba macho au nimefumbua. Kelele zote zikafa, hata watoto wakawa kimya, na kilichobaki ni tone la maji, mahali fulani mbali sana, linaanguka, linangoja, linaanguka. Mlima mzima uko juu yetu na hauna habari na sisi. Pale ndipo nilipojua maana ya kusema Mungu mkubwa, nami nilikuwa nikilisema kila siku.

Mkono wa Yumma ulikuwa mkavu na umetulia.

"Zuwena," akaninong'oneza. "Ndiyo hivi?"

"Hivi nini, Yumma?"

"Daktari. Kasema nitaona hivi?"

Nikamkumbuka Baba na maneno yake ya ukumbini. Nikamkumbuka baba yangu. Sikutoa neno.

"Haya," akasema. "Umeshanijibu."

Nikaanza kulia.

"Usilie, unanilowesha mkono. Sikiliza. Taa zikiwaka, usinionee huruma. Niangalizie. Kila kilichomo humu. Nataka kwenda nacho."

Taa zikawaka, na mimi nikainua kichwa.

Sijui nikwambie nini kwanza. Paa lilikuwa juu hata shingo ilikataa. Na kutoka paani yakining'inia mawe meupe, mekundu, ya rangi ya asali, mengine membamba kama sindano, mengine manene kuliko gari, yote yanang'aa kwa maji. Na chini mengine yameota kuyafuata. Nikasahau wenyewe wa pango. Nikasahau baridi.

"Semaaa!" akanihimiza Yumma.

"Yananing'inia kama madafu mnazini."

"Dafu ndiyo nini?"

"Basi, kama karafuu zilizo tawini."

"Karafuu naijua kwenye kahawa. Tawi lake nitalijulia wapi?"

Nikaona vitu vyangu havitomfaa. Nikatafuta vyake, na nikakuta maneno niliyo nayo ni yale ya jikoni tu. Basi nikalipika lile pango.

Nikamwambia: unaikumbuka samli ikifurika sufuriani, inashuka pembeni, inaganda kabla ya kufika chini? Ukuta wote uko hivyo, Yumma, kutoka paani mpaka miguuni mwetu, samli ya jana. Nikamwambia: ile pale ni pazia la jiwe, limekunjana, na taa iko nyuma yake, mwanga unapita kama unavyopita kwenye mkate wetu mwembamba kabla hujaugeuza. Na lina mistari, mmoja mwekundu, mmoja mweupe, kama ubavu wa kondoo mnono ukiukata vizuri. Nikamwambia chini yetu kuna ziwa dogo, limetulia kama chai kwenye kisahani kabla hujaipuliza, na paa lote limo ndani yake limepinduka, huwezi kujua kipi cha juu kipi cha chini.

"Wallahi umenitia njaa," akasema, na akacheka. Lakini uso aliuinua, akaugeuza kila ninapomwambia, kama mtu anayeota jua.

Tukafika kwenye jiwe lililokuwa likishuka, na jingine likipanda, yameelekeana, na baina yao pana nafasi ya kupitisha kidole tu. Kutoka la juu tone likiteremka kwenye la chini. Baba alikuwa amesimama hapo akitusubiri. Akasema kijana anaeleza kwamba tone hilo ndilo linaloyajenga, na siku moja yatagusana.

"Lini?" akauliza Yumma.

"Anasema hata wajukuu wa wajukuu zetu hawatoona."

Yumma akafikiri kidogo. "Basi hilo," akasema, "hata nyinyi wenye macho hamlioni."

Baba akanigeukia kwa jicho la moto. Akajua kuwa mama yake ameshajua.

"Muache," akasema Yumma. "Hakufungua mdomo. Umeniongopea wewe, mwanangu, na nimekusamehe. Sasa shika mkono huu mwingine, na wewe unambie unaona nini."

Baba, mtu wa saruji na majengo, akatazama juu, akatazama pembeni. Sauti ilipomtoka ilikuwa ya mtoto.

"Lile kule, Yumma... lile kama ngamia aliyepiga magoti."

"Dume au jike?"

Akaliangalia tena, safari hii sana. "Jike. Ana ndama ubavuni."

"Ahaa," akasema Yumma. "Endelea."

Tukatoka humo mimi kulia, Baba kushoto, tunagombania kusema.

Haukupita muda mrefu, tumesharudi Riyadh, macho yake yakamalizika. Wanawake wakawa wanakuja kumpa pole, wanakaa na kahawa yao, nyuso zimewainama. Yumma hakutaka pole. Aliwakalisha akawapeleka pangoni. Samli, pazia, ubavu wa kondoo, ngamia na ndama wake, na lile tone linalojenga. Wakisahau hata kunywa.

Siku moja nilikuwa nikipitisha tende, nikamsikia anawaambia kwamba kule mwisho kabisa, karibu na kutokea, palikuwa na mwanamke wa jiwe aliyejifunika kichwa, ameinama, na maji yanamdondokea mapajani, na ukimtazama huoni huzuni. Mimi habari hiyo sikumpa. Nikamwangalia Baba aliyekuwa amesimama mlangoni, naye akatikisa kichwa: hata yeye hakumpa. Nikataka kumuuliza Yumma, nikaacha. Pango lilikuwa lake sasa, na alikuwa akitembea humo peke yake, bila ya mtu wa kumshika mkono.

Basi mwanangu, ninalokutaka ni hili. Ukijaaliwa kufika mahali pa ajabu, usipite kama mpita njia. Simama. Tazama mpaka uweze kumpa kitu hicho mtu asiyekuwepo, na umpe kwa vitu vyake yeye, anavyovijua nyumbani kwake, usimpe kwa vyako. Neno "kuzuri" halimpi mtu chochote. Mungu hakujenga vitu kwa tone moja moja, miaka isiyohesabika, ili wewe uje useme "kuzuri". Na hofu ikikuinamisha kichwa, kiinue kwa nguvu, kwani yule uliyemshika mkono anangoja. Na mzee usimfiche habari ya mwili wake mwenyewe. Ameshaijua kabla yako, anachokosa ni mtu wa kukaa naye ndani yake.

Mola ayahifadhi macho yako, ayashibishe mema ya ardhi yake, na aupe ulimi wako uwezo wa kuyagawa. Akutoe salama na akurejeshe salama. Na akikufikisha uzee kama huu wangu, asikunyime mtu wa kukuangalizia. Amin.