Siku Tulipokataa Kadi ya Mkwe

Tulikuwa wanne pale Kitale, nyumbani kwa fundi wa kompyuta: mimi niliyetoka Bungoma asubuhi; mjukuu wangu, msichana wa kijana wangu wa pili; fundi mwenyewe, ambaye ni ndugu ya mama yake huyo msichana, yaani mjomba wake na mkwe wetu; na mke wa fundi, aliyetupikia. Majina yao ninayo yote, mpaka ya babu zao, lakini sitayaandika kwa sababu bado tunakutana matangani.

Msichana alikuwa anatafuta kazi ya kusikiliza watu waliorekodiwa na kuandika walichosema. Mtihani wa kwanza alianguka. Kompyuta yake ilikuwa inanguruma ndani ya hedfoni, maneno yakapotelea humo. Walimpa nafasi nyingine moja tu, Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Mjomba alikuwa amemtafutia kadi ya sauti, ile ya kufungwa ndani ya kompyuta. Rafiki ya msichana naye alimwazima kijisanduku cha kukaa nje, kama kipande cha sabuni, unachomeka kwa waya, hedfoni inaingia hapo.

"Hiyo ni kitu ya kuning'inia tu," mjomba alisema. "Kadi ndiyo mwenye nyumba."

Kisha tukaletewa kuku, tukala. Hapo mambo yakawa magumu. Mtu akishakuchinjia, unamkatalia kitu yake namna gani?

Mjomba akafunga kadi, akaweka wimbo wa kanisa, sauti juu.

"Iko sawa, mjomba," msichana alisema, akiangalia sakafu.

"Leta na mimi nisikie," nikasema.

"Mama, na hayo masikio yako?" mjomba akauliza.

"Moja linafanya kazi." Nikavaa. "Sasa toa wimbo."

"Nikitoa utasikia nini, bana?"

"Toa tu."

Nilisagia watu mahindi miaka mingi kule Kwanza, karibu na Kitale. Mashini huisikilizi ikiwa na mahindi, mahindi yanaficha. Unaisikiliza ikizunguka bure, kabla hujamwaga debe. Bila wimbo, kadi ilinguruma. Si sana, kama lori limesimama mbali na dereva amekataa kuzima. Tukahamisha hedfoni kwa kijisanduku. Nikangoja. Nikauliza kama wamewasha. Walikuwa wamewasha.

"Kadi yako ni nzuri," nikamwambia mkwe. "Ni vile imepangishwa karibu na feni na nyaya. Majirani ndio wabaya."

"Mama, umekula kuku yangu."

"Nimekula, na asante. Toa kadi."

Akaitoa polepole, kila skrubu akiiweka mezani kama ushahidi.  Msichana alikuwa ameshika kijisanduku kwa mikono miwili.

Jumatatu alifanya mtihani, akapita. Mjomba alipopigiwa simu alisema ni vizuri, halafu akasema netiweki inapotea. Tangu hapo hajakanyaga Bungoma.

Sote tuliokuwa pale tuko hai. Kama nimekosea mahali, pengine mtu hakusema vile nimeandika, aliyekuwepo anirekebishe. Mkwe hasa. Lakini asitume ujumbe. Aje mwenyewe, mimi niko nyumbani.