Picha ya Mtu wa Nguo za Njano

Juzi, rafiki yangu, nikifundisha sanaa hapa shuleni Namakwekwe, Mbale, niliwaambia watoto wa darasa la nne wachore picha ya nyumbani kwao. Binti mmoja akaifunika karatasi kwa kiwiko nilipopita. Sikumlazimisha. Nilikumbuka wakati ule wa Jinja, nilipokuwa na miaka tisa.

Baba alikuwa askari magereza. Tuliishi kwenye nyumba za askari, kuta za chokaa, na kila jioni harufu ya posho, ugali wetu, iliyoungua chini ya sufuria. Mwalimu wetu wa sanaa hakuwa na vifaa. Rangi tulitwanga wenyewe: majani, udongo mwekundu, binzari iliyochotwa jikoni mama akiwa nje. Tulichora kwenye maboksi aliyopewa na Mhindi mwenye duka la vitambaa. "Chora unachokiona," alizoea kusema, "si unachodhani mimi nataka."

Basi nikachora ua wetu. Mama anafua, pembeni yuko mfungwa aliyetuletea maji kila asubuhi, nguo zake za njano za gereza, amembeba mdogo wangu mchanga na anamwimbia. Mdogo wangu hakunyamaza kwa mtu mwingine yeyote. Mwalimu akaipenda picha, akaibandika ukutani kwa ajili ya siku ya wazazi.

Nilipomsimulia mama, ndoo ilimtoka mkononi.

"Wewe! Mkubwa wa gereza atakuja siku hiyo. Mfungwa haruhusiwi kushika mtoto. Unataka baba yako afukuzwe?"

 Nilimwomba mwalimu anirudishie picha. Akauliza kwa nini, nikakimbilia nje.

Siku ikafika. Mkubwa alikagua picha moja moja, mikono nyuma. Kwenye yangu akasimama.

"Huyu nani ameshika mtoto?"

Mwalimu akanitazama, akaelewa kwa nini niliitaka picha. "Ni mjomba wake, bwana," akasema haraka.

Baba akasogea, kofia mkononi. "Hapana, afande. Ni mfungwa. Mtoto ni wangu."

 Mkubwa akaenda kwenye picha iliyofuata. Kabla mwezi haujaisha baba alihamishiwa huku Mbale, na hatukuambiwa sababu. Nilingoja kipigo, hakikuja. Siku moja baba alirudi kutoka sokoni na kalamu za rangi, akaniwekea mezani. "Chora," akasema. "Lakini unionyeshe kwanza."

Sasa baba amestaafu, na nyumba zile nasikia zimebomolewa. Yule mfungwa sikuwahi kujua jina lake. Sijui kama alitoka salama, wala kama aliadhibiwa kwa sababu yangu. Mdogo wangu ana ndevu siku hizi, na mara nyingine huniuliza yule mtu alikuwa akimwimbia nini. Sikumbuki. Nilichora mdomo uliofunguka, basi.