Chakula Kibichi cha Shoga Yangu

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka tonge linanikwama. Wajukuu zangu wameshanizoea. Wakiona nimeweka mkono chini katikati ya kula, wanaambiana bibi kashakwenda Kiongoroni huyo, kisha wanaendelea na sinia lao. Leo nimeona nikueleze wewe, maana nakuona una marafiki wazuri. Mie nilikuwa naye mmoja tu, nikamuumiza kwa mikono yangu mwenyewe.

Jina lake Siwema. Tuliolewa Nyamwage mwaka mmoja, mie nikitoka milimani kwetu kwa Wamatumbi, yeye akitoka Kiongoroni, kule delta karibu na bahari. Daraja la Ndundu lilikuwa bado halijajengwa, na alinisimulia kwamba siku ya kuletwa kwa mumewe alishinda kutwa nzima anasubiri kivuko, hina imemkauka mikononi na amenuna. Sote tulikuwa wageni pale kijijini, hatuna mama wala dada. Nyumba zetu zilitenganishwa na kijishamba cha mihogo. Wiki ya kwanza alikuja kuomba moto, akanikuta nasonga ugali wa muhogo, akasema ugali wenu huu unaweza kuziba mtumbwi unaovuja. Nikamjibu kwamba mtu anayekula wadudu wa matopeni asinifundishe mie chakula. Nilikuwa nasema kaa, maana kwetu milimani nilikuwa sijawahi kumwona. Akacheka hadi akaketi, na tangu hapo tukawa mashoga.

Yule mwanamke alijua kupika, jamani. Kaa alikuwa anampasua mzima, anamtia tui zito, ndimu, pilipili na bizari kidogo, na wali wake unatoka mweupe, unanukia nazi mpaka barabarani. Mie nilimfundisha kisamvu, namna ya kukitwanga kilainike na kukiacha jikoni mpaka mafuta ya nazi yaelee juu. Mpunga ukianza kukomaa bondeni tulikuwa tunatengeneza pepeta. Unakata mpunga ungali mchanga, unaukaanga na maganda yake, unautwanga ukiwa wa moto, halafu unapepeta na kula na nazi na sukari. Hiyo kazi haitaki mtu mmoja, maana ukichelewa kutwanga unapoa na kukakamaa. Basi mmoja yuko motoni, mwingine yuko kwenye kinu, na mdomo haufungwi. Waume zetu walikuwa wanalalamika kwamba hiyo pepeta wanaisikia tu, haifiki nyumbani. Walikuwa na haki ya kulalamika.

Na kila siku kulikuwa na bakuli njiani. Akipika kitu kizuri ananiletea, amekifunika kawa. Mie naosha bakuli, narudisha na changu. Shughulini tulikuwa tunakaa sinia moja na kugombania ukoko kama watoto, watu wazima wanatutazama.

Mtoto wangu wa tatu alikuwa Zuhura. Alikuwa na miaka minne, mwembamba, msemaji, na kwa Siwema alikuwa anaingia bila hodi. Siwema hakuwa amejaaliwa mtoto bado, na yule wangu alikuwa kama wake. Siku moja Zuhura alikula mchana kwake, wali na kamba, akarudi anajilamba vidole. Jioni homa ikampanda, na asubuhi ikamshika degedege. Tulimkimbiza zahanati kwa baiskeli. Mganga akasema malaria imeshapanda kichwani, akafanya alichoweza. Siku ya tatu mtoto akafariki. Siwema ndiye aliyenisaidia kumwosha, ndiye aliyenishika nisianguke, na arobaini yote alilala kwangu.

Baada ya arobaini alikuja wifi yangu, dada wa mume wangu, akanikuta napembua mchele. Hakumtaja mtu kwa ubaya. Aliniuliza tu mtoto alikula wapi mara ya mwisho. Nikamwambia. Akachukua ungo akanisaidia kupembua, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wa delta wana mambo yao, na mwenzangu yule mpaka leo hana mtoto. Alikunywa chai, akaenda zake.

Sikuamini, mwanangu. Hapo nataka unielewe vizuri. Sikuamini hata dakika moja kwamba Siwema angemdhuru Zuhura. Lakini bakuli lililofuata lilipofika, nikalipokea, nikashukuru, nikaingia nalo jikoni, nikakata tonge, na mkono haukupanda. Nikajiambia nimeshiba. Nikatoka uani nikawamwagia kuku. Siku ya pili nikafanya vilevile, na ya tatu, ikawa ndiyo desturi yangu. Naosha bakuli, namrudishia na changu, namwambia shoga leo umeniweza, nimekula mpaka nimelamba sahani. Namwangalia machoni na kumwambia hivyo.

Ndipo ikaja hiyo siku ninayokwambia. Alikuwa ameniletea kaa wa nazi, akaondoka, kisha akakumbuka kwamba kinu chake kiko kwangu. Akapita njia ya uani. Akanikuta nimesimama na bakuli tupu mkononi, na wali wake uko mchangani, kuku wanadonoa, jogoo anaburuta gando la kaa. Alitazama kuku, akanitazama mie.

"Kuku wako wanakula vizuri, shoga," akasema.

Akalichukua bakuli mkononi mwangu, akaliosha mwenyewe kwa maji ya mtungi wangu, akalipangusa kwa upindo wa khanga, akaenda. Kinu hakukichukua. Nyumba yake ilikuwa hatua thelathini. Ningeweza kumkimbilia, nikamshika mguu, nikamwambia nimeambiwa hivi, nimeogopa, nisamehe. Nilikwenda kufagia ule uwanja mpaka ukawa hauna hata punje.

Chakula kilichopikwa hakikuja tena. Baada ya siku nne alibisha hodi, akaniwekea mlangoni nazi tatu zikiwa na makumbi yake, akanisalimu, akauliza hali za watoto, akarudi kwake. Siku nyingine akaleta mayai. Siku nyingine mpunga na maganda yake, au kuku hai aliyefungwa miguu, au kaa hai kutoka kwao waliofungwa ukili, wanatoa mapovu. Mie nikasema huyu kanisusa. Nikasema anataka kunionyesha kwamba sistahili tena kupikiwa, ananitendea kama mtu baki. Ona jeuri hiyo. Nimemwaga mie, na nikanuna mie. Nikawa nampelekea vyangu vilivyopikwa, kidogo kwa aibu na kidogo kwa kumkomoa, naye alinawa akala mbele yangu, nimesimama namwangalia, akamaliza bakuli lote. Hakuogopa hata siku moja.

Miaka ikaenda hivyo. Alijaaliwa binti, Tatu, nikampelekea uji wa uzazi. Tulisalimiana vizuri, tulizikiana vizuri, lakini sinia moja hatukukaa tena, na pepeta kila mtu alitafuta mwenzake wa kutwanga naye. Siku moja nilimuuliza wifi yangu kama anakumbuka maneno yale aliyoniambia tukipembua mchele. Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. Hakuyakumbuka. Mwaka uliofuata mume wa Siwema akafa, naye akarudi kwao Kiongoroni na mtoto wake, na hata huko hakuniacha. Basi likisimama Nyamwage, konda ananiita na kikapu cha kaa hai, salamu kutoka kwa Siwema. Simu zilipokuja tukawa tunaongea kila Ijumaa, mvua, mpunga, magoti. Lile jambo letu halikuguswa.

Mwaka juzi Tatu akanipigia. Alisema mama hali si nzuri, na anakutaja sana. Nikafunga khanga zangu mbili nikapanda basi, tukavuka lile daraja la Ndundu ambalo siku hizi unalivuka kabla hujamaliza kumenya karanga, nikafika Kibiti, nikaenda Nyamisati, nikapanda boti. Kiongoroni nilifika adhuhuri, na tangu asubuhi sijala kitu. Nyumba ilikuwa imejaa ndugu. Harufu iliyonipokea uani niliijua kabla sijamwona mtu. Ilikuwa wali wa nazi na kaa.

Wanawake walikuwa wanapakua, maji ya kunawa yanapita. Nami nikanyoosha mikono ninawe. Tatu akanishika mkono kwa heshima, akaniongoza pembeni, penye kivuli cha paa la jiko. Pale palikuwa na jiko la mkaa limeshawashwa, sufuria imesuguliwa inang'aa, mchele kwenye kibakuli, nazi nzima haijavunjwa, na kaa wawili hai wamefungwa.

"Mama mkubwa, nimekutengea jiko lako," akaniambia. "Mama ameniambia tangu nikiwa mdogo kwamba una mwiko wa kwenu milimani, huli kilichopikwa nyumba ya mtu. Akasema nisikuulize, maana ukiulizwa unaumia."

Mwanangu, nilikaa chini pale kwenye majivu. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa najiambia kwamba amenisusa. Kumbe nazi ile haijafuliwa, yai lile liko kwenye ganda lake, mpunga ule na maganda yake, kaa yule yu hai, vyote vilikuwa vitu ambavyo mkono wa mtu hauwezi kutia kitu ndani. Alikuwa amejua tangu siku ile uani ninachokiogopa. Na badala ya kunisema kijijini, akatafuta namna ya kunilisha bila kunitia hofu, kisha akanitungia mwiko ili mwanawe asinidharau. Nililia kwa sauti, kama nilivyomlilia Zuhura. Nikamwambia Tatu, mie sina mwiko wowote, mwanangu, nipakulie kilichopikwa.

Siwema alikuwa amelala chumbani, amebaki mdogo, macho ndiyo yaleyale. Aliponiona na sahani ya wali mkononi, kitu cha kwanza alichofanya ni kumgeukia binti yake na kunong'ona kwamba hamkumpa jiko lake. Nikaketi kitandani. Nikamwambia yote, wifi, ungo, mchele, kuku, na uongo wangu wa kulamba sahani. Sikuacha kitu. Alinisikiliza amefumba macho.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa umefiwa. Nikasema hofu itamtoka, siku moja atakuja aniambie, shoga, leo tupike. Nikawa nasubiri."

"Nisamehe, Siwema."

"Nilikusamehe palepale kwenye kuku. Ila nilitamani sana kula na wewe."

Nikala. Nilikula mbele yake nikiwa nalia, na kile chakula kilikuwa kizuri, mwanangu, Tatu alikuwa amerithi mkono wa mama yake wa kupika. Kisha nikakata tonge dogo, nikalilainisha kwa tui, nikalipeleka mdomoni mwake. Alilipokea. Alijitahidi, nikamwona shingo inavyojitahidi, lakini halikupita. Tatu akalitoa kwa kidole, akamfuta, akaniambia taratibu kwamba mama hawezi tena, wiki ya pili hii ni maji ya kijiko tu. Siwema akanishika mkono. Akaniambia nimalizie. Nikamalizia sahani peke yangu.

Alifariki Ijumaa. Nilimwosha, kama alivyonisaidia kumwosha mwanangu. Msamaha wake ninao, na ni mzito kuubeba kuliko lawama, maana ile miaka hakuwa nayo ya kunipa, na mie sikuwa nayo ya kumrudishia.

Basi nisikilize sasa, na usinitikisie kichwa tu. Mtu akikuletea neno juu ya rafiki yako, usilipeleke moyoni kabla hujalipeleka kwake. Nenda. Mwambie, nimeambiwa hivi na nimeogopa. Atakasirika, atakutukana labda, mtalia, lakini yatakwisha mkiwa bado vijana. Ninyi wa siku hizi mnablokiana kwenye simu, mnaona mmemaliza kazi, na kumbe mwenzako yuko hatua thelathini anasubiri umwambie mpike. Na usiridhike kwa kuwa mnasalimiana. Mie na Siwema tulisalimiana vizuri miaka yote hiyo. Salamu haikutuponya. Kama kuna mtu ulikuwa unakula naye na sasa huli naye, na unaijua sababu, usingoje Ijumaa wala sikukuu wala kupigiwa simu na mtoto wake. Beba sufuria yako uende leo.

Mola akupe riziki ya halali na mtu wa kula naye. Akulinde na maneno yanayosemwa kwa sauti ya chini. Akupe ulimi wa kuuliza na moyo wa kuvumilia jibu. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akufikishe mlangoni kwa mwenzako yeye angali anaweza kutafuna. Amin.